Tonge la Udongo wa Kwetu

Perusi, mke mwenzangu,

Ulipotoka hapa baada ya chakula kwenda Pasiansi kuwaaga wenzako wa kwaya, nilimwambia mama yako aache kukunja nguo zako, achukue kalamu. Yeye anaandika, mimi nasema. Nimemkataza kunirekebisha. Nikikosea aache hivyohivyo, na nikitukana aandike tusi lenyewe. Anacheka. Muda si mrefu ataacha kucheka, namjua.

Mambo ya sweta, ya vidonge vya malaria, ya kutolala usingizi mzito kwenye treni, ameshakuambia mpaka umeziba masikio. Mimi sina nguvu ya kuyarudia. Magoti yananiuma, na mgongo ndio usiseme. Nina jibu moja tu la kukupa, nalo nimekunyima tangu Jumapili.

Jumapili ulisimama hapo mlangoni ukasema, "Bibi, usiponipa tonge, nafungua sanduku. Nawaandikia Uingereza kwamba nimeghairi." Nikakutazama, nikageukia ukutani. Tangu hapo unaniamkia shikamoo na mimi naitikia marahaba kama karani wa posta, basi, hakuna jingine. Umefunga sanduku huku hujui kama utaondoka. Mtu wa kumfanyia hivyo mtoto wakati amebakiza siku chache kusafiri ni mimi tu.

Tonge unalijua, lakini nataka liandikwe, ili mtoto wako akija kusoma karatasi hii asilazimike kuulizauliza. Sisi wafinyanzi wa huku ziwani, binti akiondoka kwenda kukaa mbali, mwenye shimo la udongo anashuka mwenyewe, anachimba kwa mikono yake, anakata tonge moja, analifunga kwenye jani la mgomba. Binti akifika kule, siku ya kwanza anapochimba udongo wa huko, analichanganya. Bila tonge, tulisema, vyungu vyake vitapasuka. Binti hajichimbii na wala hachimbiwi na mwingine. Wewe ungeweza kushuka kimyakimya ukachota, shimo liko karibu na halina kufuli. Hukushuka. Hilo nililiona, hata nilipokuwa nimekupa mgongo.

Nianze na hii safari yenyewe. Ulipomaliza chuo Dar es Salaam ukarudi na shahada yako, nikadhani tumefika. Ukaniambia bado, kuna shahada ya pili, na ukifanya vizuri kuna ya tatu, na kuna watu kazi yao ni kutafuta kwa nini kitu kimoja kinavunjika na kingine hakivunjiki, na wanawalipia vijana wakakae nao kwenye maabara wakitafuta. Mara ya kwanza ulipoomba walikukataa. Ulilia jikoni ukasingizia moshi, na siku hiyo nilikuwa napikia mkaa. Ukaenda kufanya kazi kiwanda cha minofu ya samaki, ukavaa koti jeupe, ukawa unapima barafu na maji na sijui nini. Mjomba wako Tito akaja kuniambia, "Mama, mwambie akae hapohapo. Mimi nilipunguzwa kiwandani pale Nyakato nikiwa na nguvu zangu zote. Siku hizi mtu mwenye kazi haiachii." Nikamwambia, "Ulipunguzwa wewe, siyo yeye." Ukaomba tena. Safari hii ukawaandikia habari za udongo, kwamba umekulia mikononi mwa mfinyanzi, na profesa mmoja wa huko Uingereza akajibu njoo.

Siku barua yake ilipofika nilipiga vigelegele peke yangu mpaka majirani wakadhani kuna mtoto kazaliwa. Sikuuliza unakwenda kusomea nini hasa. Kosa langu. Nilisikia neno udongo nikatosheka.

Jumapili ndipo ulipofunguka. "Bibi, tunachukua udongo, tunautia ndani ya plastiki."

"Ili iweje?"

"Plastiki inakuwa ngumu zaidi. Inavumilia joto. Hata hewa haipiti kirahisi."

Unakumbuka nilivyokujibu? "Yaani mimi niliyenyang'anywa soko na ndoo, nitoe udongo wangu ukaiongezee ndoo nguvu?"

Afadhali ulinyamaza, maana ungefungua mdomo ningekurushia mwiko.

Hukuwa umekua vya kutosha kuona jinsi soko langu lilivyokufa. Halikufa kwa kishindo. Wakati ule vitu vilikuwa adimu, sabuni tu mnapanga foleni, na mitungi yangu ilikuwa inachukuliwa ikiwa bado na joto la moto. Halafu serikali ikafungulia biashara. Kila kitu kikaingia, mitumba, sufuria, ndoo za rangi zote zimening'inizwa kama nguo za sikukuu. Kuna mama mmoja muuza togwa alikuwa mteja wangu tangu tukiwa wasichana. Siku moja akaja, akagonga mtungi kwa kidole, ukalia vizuri. Akasema, "Mwenzangu, mtungi wako sina neno nao. Lakini mtoto akiuangusha mimi ndiye ninayelia. Ndoo ikianguka anaiokota."

Nikamwambia, "Ndoo yako ikipigwa na jua mwaka mmoja inapasuka."

"Nitanunua nyingine."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema kesho kutakucha. Nilirudi nyumbani na mitungi yangu kichwani.

Na mwisho wa yote Tito, mwanangu wa kumzaa, alipopunguzwa kiwanda cha nguo, akafungua genge la kuuzia nini? Ndoo. Alikuja nayo hapa, nyekundu, na mdomo wake wa kubembeleza. "Mama, nimekuletea ndoo."

"Rudi nayo."

"Ni ya bure, mama."

"Basi hiyo ya bure ndiyo urudi nayo mbio."

Akaiacha uani akakimbia. Nikamfunikia nayo yule tetea mwehu aliyekuwa hataki kuacha kuatamia. Hiyo ndiyo plastiki pekee iliyokaa katika mji wangu, na ilikaa kichwa chini. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa akiipita anaivulia kofia ili anichokoze. Wewe ukiwa mdogo ulimwiga, ukawa unaipigia goti. Alikuwa anakuita mke wake mdogo kwa ajili ya vituko kama hivyo, na mimi nikabaki kuwa mke mkubwa mwenye hasira.

Sasa nifike kwa mama yako. Ameanza kuandika polepole. Andika, wewe.

Mama yako aliondoka na baba yako kwenda Magu kabla wazee hawajakaa kupanga mahari. Kila mtu hapa anaijua habari hiyo, hata mbuzi. Asubuhi ya kuondoka alikuja kwangu akapiga magoti, akasema, "Mama, naomba tonge langu." Nilikuwa nakanda udongo, mikono imejaa mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa nao mkononi, Perusi. Nikamwambia, "Nenda ukachimbe huko ulikokimbilia."

Akaenda. Akachimba. Vyungu vyake vikapasuka, kimoja baada ya kingine, vingine kwenye kivuli kabla hata havijaona moto. Habari zikanifikia, maana Magu siyo mbali, na wanawake wa shimoni wakatikisa vichwa wakasema ndiyo hivyo, si alikwenda bila tonge. Hata mimi nikasema ndiyo hivyo. Hata yeye. Akaacha ufinyanzi, akaanza kuuza mchele barabarani. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Midomo ya mitungi yake ilikuwa ya duara kama imechorwa. Mwandiko huu unaousoma ni mkono uleule.

Anasema hilo haandiki. Nimemwambia nani amekuuliza.

Na kila mwaka akija Krismasi ananitania mbele ya watu. "Mama, leo nimekuja na sufuria, maana chungu sina." Watu wanacheka, mimi nacheka, tunakula mchele wake. Tumeishi hivyo.

Jana alasiri alipofika na ule mfuko wa udongo mweusi uliomwagiza, pamoja na karatasi yenye muhuri ya kuuvushia mpakani, mimi nilikuwa nimelala mkekani nimejifanya nimesinzia. Nilisikia yote. Nilisikia mama yako akikuuliza, "Hili tope la mbugani profesa analitakia nini? Si angechukua udongo mzuri wa bibi yako?"

Ukasema anataka hilohilo. Udongo wa bibi ni wa chungu, kwa plastiki haumfai sana. Hapo kidogo niamke nikuzabe.

Ukachukua Biblia yangu pale kwenye kigoda, ile ninayoishika kanisani bila kujua imeshikwa juu au chini, ukaipeperusha kurasa. Ukasema kila udongo wa kufinyangia uko hivi ndani yake, kurasa juu ya kurasa, nyembamba hata jicho haliwezi kuziona, inabidi mashine. Maji yanaingia katikati ya kurasa, ndiyo maana udongo unateleza. Lakini ule mweusi wa Magu unazidi. Unakunywa maji mno, kurasa zinaachana mno, unavimba. Ukikauka unarudi nyuma kwa nguvu, unajichana wenyewe. Ukamwambia, "Mama, si unaona majaruba ya mpunga yanavyopasuka kiangazi mpaka mguu wa mtoto unazama?" Profesa anaupenda kwa sababu hiyohiyo, kwamba kurasa zake zinaachana kirahisi na plastiki inaweza kupenya katikati. Kwa ndoo ni dawa. Kwa chungu ni balaa. "Vyungu vya udongo huu mtupu vitapasuka hata akivifinyanga malaika."

Nilisikia kuku wakidonoa. Halafu mama yako akasema kwa sauti ndogo, "Basi siyo tonge?"

"Siyo tonge, mama."

Nimekanda udongo tangu sijaota maziwa na sikuwahi kujua kwamba una kurasa. Nilidhani nitafurahi kusikia hayo. Nilingoja furaha ije pale mkekani, haikuja. Maana mimi sikumnyima mama yako tonge kwa habari ya vyungu. Nilimnyima ili aumie. Udongo wa Magu umejibu habari ya vyungu tu, hiyo ya kumuumiza haujaigusa.

Ameweka kalamu chini. Anasema, "Mama, yalishapita." Nimemwambia kama yamepita, basi kuyaandika hakutakushinda. Ameichukua tena.

Wewe unakwenda mahali ambapo kazi ya siku nzima ni kufanya vitu vivunjike na kuuliza kwa nini. Mimi nilichojifunza juu ya kuvunjika ni hiki kimoja, na kimenichukua mpaka meno yameisha. Chungu kilipopasuka, jibu lilikuja haraka sana. Lilikuja likiwa na jina la mtu. Tena lilikuwa tamu, maana lilinifanya mimi kuwa mtu mkubwa ambaye tonge lake linashikilia dunia isipasuke. Sikuuliza hata udongo wa kule una rangi gani. Mwanangu mwenyewe, na sikwenda kuushika. Jibu likikujia haraka hivyo huko kwenye maabara yenu, na likikufurahisha, kaa nalo mbali kidogo kwanza. Basi, sitalirudia, wewe siyo mtoto.

Watakukataa tena. Utatuma kazi yako irudi. Utakaa chumbani peke yako na baridi, utafikiri sisi huku tunakuwaza mchana na usiku. Hatutakuwa tunakuwaza mchana na usiku. Tutakuwa tunatafuta mkaa. Lakini jioni nitauliza kama kuna barua, na Tito ataniambia hakuna, na nitamwambia hajaangalia vizuri. Hivyo ndivyo nitakavyokuwa nakuwaza, ujue.

Na usirudi kwa ajili ya kunizika. Nasema hivi mama yako akiwa shahidi, ingawa amenikata jicho. Nimechoka, Perusi. Siyo uchovu wa leo ambao mtu analala unaisha. Wanawake wote tuliokuwa tunachimba nao wamekwisha kufa au wameacha. Shimo limeanza kuota nyasi pembeni. Mimi ndiye mwenye shimo, na ni kama kuwa mzee wa kanisa ambalo limebaki na popo. Ukisikia nimekufa, maliza kwanza hicho unachokipima, ndipo ulie. Nimeshazika wengi, najua maiti haijali nani amechelewa.

Jana, mama yako alipokwenda kuoga, nikainuka nikakuuliza swali moja. Tangu Jumapili ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kukusemesha, na uliruka kama umeona mzuka. Nilikuuliza, "Hilo tonge, kwa elimu yako, lina kazi yoyote?"

Ungeweza kunidanganya. Mjukuu mwingine angesema, lina kazi kubwa bibi, ili apewe. Wewe ulifikiri kwanza. Unapofikiri unauma mdomo wa chini kama babu yako. Ukasema, "Kwa udongo, bibi, halina. Tonge moja halibadilishi shimo zima. Kwa mtu, sijui."

Nikarudi kulala. Hukupata jibu na ulikwenda kitandani umenuna, nilikuona.

Kwa mtu, mimi najua. Nilimwona mama yako akitoka pale mlangoni asubuhi ile mikono mitupu. Alikuwa hajui aiweke wapi hiyo mikono. Alifika njiani akaishika nyuma, halafu mbele, halafu akajifunga upya khanga ambayo haikuwa imelegea. Wewe nenda na profesa wako mkapime kurasa. Kazi ya tonge nimeiona kwa macho yangu.

Kwa hiyo asubuhi ya leo, nyie mkiwa mmelala, nilishuka shimoni. Nilikwenda kwa makalio sehemu ya mwisho, kama mtoto, magoti yalikataa. Nikachimba mpaka kwenye ule wa chini wa kijivu, laini. Nikakata. Nikapanda kwa mikono na matusi. Nikachuma jani la mgomba, nikalibabua motoni kidogo lilainike, nikafunga, kisha nikakaa nikafikiri. Jani litakuwa limekatika kabla hujafika Tabora. Kule Dar joto, kwenye ndege sijui kuna nini, wewe mwenyewe hujui. Litafika limekuwa jiwe, na nguo zako zote zimejaa vumbi.

Nikaenda sokoni, kwa Tito.

Alikuwa anapanga madishi. Aliponiona akaacha yote. "Mama, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nataka kopo lenye kifuniko kinachobana."

"La nini?"

"Wateja wako wote unawauliza la nini?"

Akacheka, akaona sicheki. Akanishushia moja jeupe, nikalikataa, kifuniko kilikuwa kinacheza. La kijani, likanuka. Nikamwambia alete maji. Nikamfanya ajaze kila moja na kuligeuza juu chini mbele ya watu mpaka suruali yake ikalowa. Muuza dagaa wa jirani akamwambia, "Tito, mama yako leo ndiye serikali." Mwisho nikapata la bluu, halikudondosha hata tone. Tito akasema nichukue tu. Nikamwambia, "Wewe ni mfanyabiashara au ni mtoto? Chagua." Akachagua biashara, akachukua hela yangu, macho yamemjaa maji, mjinga yule. Wote nyie wepesi wa machozi, sijui mmetoa wapi.

Kuna jambo moja limebaki, na hili mama yako halijui, ndiyo maana nimeliweka mwisho. Shimoni nilikata matonge mawili. Moja liko kwenye kopo. Jingine nimeliacha kwenye jani lake, maana Magu ni karibu, halitakauka. Liko nyuma ya mlango, chini ya kawa. Najua yeye ni muuza mchele sasa. Najua udongo wa kule utapasuka hata akichanganya matonge kumi. Ni lake tu. Lilikuwa lake tangu asubuhi ile.

Ameacha kuandika. Ameinuka.

Nimemngoja. Amekwenda nyuma ya mlango akakaa huko muda, mimi nikatazama ukuta. Sasa amerudi ameshika kalamu. Ukiona hapa mwandiko umelowa na herufi zimekuwa kubwakubwa, ndiyo sababu, na mikono yake ina udongo, kwa hiyo karatasi imechafuka. Iache ilivyo.

Sauti za kwaya yenu nazisikia kule barabarani, mnaimba kama walevi. Nimalize.

Kopo liko juu ya sanduku lako. Usilifungue njiani. Ukifika, chukua huo udongo wa mama yako, tia humo tonge langu kidogo, kabla hujaweka plastiki yako na madawa yenu. Profesa akikuuliza unafanya nini, mwambie hujui. Kifuniko kinabana sawasawa. Nimelijaza maji nikalitikisa, halivuji. Ni kopo zuri, mke mwenzangu.

Nenda.

Bibi yako. Sina saini. Hii mikwaruzo mitatu hapa chini ni ya ukucha wangu, ndiyo alama ninayoweka chini ya mdomo wa kila mtungi.